Nairobi au Eldoret? Hesabu ya Nyumba Moja Kabla ya Kuchagua Shule ya Udaktari

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na wahitimu wa kidato cha nne wa Kaunti ya Trans Nzoia katika kipindi cha kuchagua kozi za vyuo vikuu. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, huwa kuna nyumba chache katika kaunti hii ambazo tatizo lao ni tatizo ambalo majirani wanalitamani. Mtoto amepata alama za udaktari. Kuku amechinjwa, mchungaji amekuja kuomba, picha zimepigwa. Kisha wiki ya pili watu wakishaenda zao, wenye nyumba hubaki wakiangaliana, maana ukurasa wa KUCCPS unauliza swali ambalo kuku halijibu: udaktari wapi?

Nyumba moja ya aina hiyo iko upande wa Kwanza. Wenyewe wamekubali mambo yao yaelezwe, ila majina yasitajwe. Ni mama mjane mwenye ekari mbili na nusu, ng'ombe wawili wa maziwa, na watoto watatu. Nyumbani humo pia yumo mama mkwe wake, ambaye watoto humwita nyanya. Miaka miwili iliyopita nyanya alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Anaongea, anacheka, anakumbuka madeni ya watu ya tangu zamani, lakini hawezi kujigeuza kitandani.

Mtoto wa kwanza ni binti. Ndiye aliyefaulu. Na ndiye ambaye tangu amalize mtihani amekuwa akimgeuza nyanya usiku.

Alama zake zilitosha kuingia Chuo Kikuu cha Nairobi, na zilitosha pia Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret. Kutoka Kitale hadi Eldoret ni kama kilomita 70. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni kama 380. Kwenye karatasi jambo lilionekana rahisi, kwamba Eldoret ni karibu na rahisi, Nairobi ni mbali na ghali. Haikuwa hivyo, na ndiyo sababu hesabu ya nyumba hiyo inafaa kusikika.

Kila mtu alikuwa na lake. Mwalimu wake alitaka Nairobi. Alisema shule hiyo ya udaktari ilianzishwa mwaka 1967, kwamba madaktari wengi waliotangulia nchini walipitia hapo, na kwamba wanafunzi wake hujifunzia katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambapo magonjwa yote ya nchi hii hufika. Maneno hayo ni ya kweli. Mjomba wa binti, kaka yake mama, anaishi Umoja jijini Nairobi, naye akapiga simu kusema mtoto asihangaike na kodi, chumba kipo. Shangazi wa Kiminini alitaka Eldoret, kwa sababu, alivyosema, mtoto wa kike hawezi kumwacha nyanya yake hali ile. Chifu alitaka picha.

Binti mwenyewe alitaka Eldoret. Na mtu aliyempinga alikuwa mama yake.

Hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Lakini tuanze na pesa, kwa sababu waliianza na pesa, wakiwa na daftari la mraba la mtoto wa mwisho.

Jambo la kwanza waliloandika ni ada. Wazazi wengi hufikiri mtoto akienda chuo cha karibu serikali itampa zaidi au kidogo kuliko wa mbali. Sivyo. Katika mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, msaada hupangwa kwa kuangalia hali ya nyumba, si umbali wa chuo. Katika mpangilio wa mwaka 2024 kulikuwa na madaraja matano. Familia ya daraja la kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, ya daraja la tano asilimia 40, na katikati ni 10, 20 na 30. Kinachobaki hugawanywa kati ya ufadhili usiolipwa na mkopo wa HELB. Mfumo wenyewe umepita mahakamani. Mahakama Kuu iliupinga Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo mwaka uliofuata. Kwa hiyo mzazi asisome barua ya mtoto wa jirani. Asome ya mwanawe, ya mwaka wake, na akiona daraja alilowekwa haliendani na hali ya nyumbani, kuna njia ya kukata rufaa. Watu hawaitumii, kisha wanalalamika sokoni.

Wao waliweka makadirio ya daraja la tatu, ili wasijidanganye. Asilimia 20. Maana yake kwa kila shilingi 100,000 za gharama ya kozi kwa mwaka, nyumba inatafuta 20,000. Na udaktari ni miongoni mwa kozi ghali kuliko zote, tena ni miaka sita, si minne. Gharama ya kila kozi katika kila chuo huonyeshwa kwenye tovuti ya KUCCPS, na haifai kuchagua kabla ya kuilinganisha kwa macho. Walipolinganisha, waliona si ada itakayoamua. Itakayoamua ni kulala, kula na kusafiri.

Sasa mjomba. Chumba cha bure Umoja. Mama alikuwa tayari ameandika sifuri kwenye mstari wa kodi, na akaipigia mstari mara mbili kwa furaha. Ni kijana wa pili, yule wa kidato cha tatu, aliyeuliza: Kutoka Umoja hadi chuoni ni nauli ngapi?

Wanafunzi wa udaktari wa Nairobi miaka ya kwanza husomea Chiromo, kisha hospitalini Kenyatta. Umoja iko Eastlands. Ni matatu ya kuingia mjini, na nyingine ya kutoka mjini. Walimpigia mjomba, akasema kama shilingi 200 kwa siku kwenda na kurudi, mvua isiponyesha. Siku 24 kwa mwezi ni 4,800. Miezi tisa ni 43,200. Mkopo wa HELB wa kujikimu kwa daraja la tatu ulikuwa 50,000 kwa mwaka. Kwa hiyo chumba cha bure kingekula karibu mkopo wote, na binti angebaki na 6,800 za kula, kununua vitabu, koti jeupe, stetoskopu na sabuni kwa mwaka mzima. Hapo hajaugua, hajanunua hata bando la intaneti.

Na bado kuna gharama isiyoandikika. Mpwa anayelala nyumbani kwa mjomba si mgeni. Ataosha vyombo, atamwogesha mtoto mdogo, atafungua mlango usiku. Hakuna ubaya, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza ana mifupa zaidi ya mia mbili ya kukariri pamoja na kila kinachoshikamana nayo, na saa mbili za foleni ya magari asubuhi na jioni. Wazazi wakiambiwa na ndugu kwamba nafasi ipo, waulize pia kama meza ya kusomea ipo, na taa inazimwa saa ngapi.

Hosteli za chuo ni nafuu kuliko nyumba za kupanga, huko Nairobi na hata Eldoret, ila hazitoshi wote, na anayechelewa kuomba hukosa. Wao waliandika hosteli kwa kalamu ya risasi.

Upande wa Eldoret, kwanza walirekebisha kosa ambalo wazazi wengi hulifanya. Wakisikia Chuo Kikuu cha Moi, mawazo yao huenda Kesses, kwenye kampasi kuu, nje ya mji. Udaktari hausomewi huko. Uko Eldoret mjini, ubavuni mwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hospitali iliyoanza mwaka 1917 ikiwa ndogo sana na leo ni hospitali ya rufaa ya kitaifa inayohudumia upande huu wote wa magharibi. Wengi waliopo hapa wamewahi kumpeleka mtu huko. Shule ya udaktari ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, na tangu mwanzo ilijulikana kwa kuwatuma wanafunzi vijijini, kwenye vituo vya afya, kupitia mpango uitwao COBES, ili wajue ugonjwa unaanzia wapi kabla haujafika wodini.

Walitafuta chumba cha kugawana na mwanafunzi mwingine, umbali wa kutembea kwa miguu. Bedsita waliyoulizia ilikuwa 7,000, nusu yake 3,500. Miezi tisa ni 31,500. Mkopo uleule wa 50,000 ungebakisha 18,500. Isitoshe, unga, maharagwe na viazi vingepanda matatu ya Kitale asubuhi na kufika Eldoret kabla ya chakula cha mchana.

Basi mambo yamekwisha, Eldoret imeshinda? Shangazi alisema hivyo, akaanza kufunga kanga yake kuondoka. Ndipo binti akasema neno lililobadilisha hesabu. Alisema: Na nitakuwa nikija kila Ijumaa jioni kumsaidia nyanya.

Mama akachukua kalamu. Nauli waliyoulizia siku hiyo ilikuwa 300 kwenda na 300 kurudi. Kila wikendi kwa miezi tisa ni safari 36. Ni 21,600. Zile 18,500 zimekwisha, na deni la 3,100 limezaliwa. Ukilinganisha na Nairobi, ambako angekuja mara tatu kwa mwaka kwa 3,000 kila safari, jumla 9,000, ukaribu umekuwa ghali mara mbili na zaidi. Wengi hawajawahi kuiona hesabu hii kwa sababu nauli ndogo haiumi. Inauma ikishajumlishwa.

Lakini si nauli iliyomsumbua mama. Aliweka kalamu chini, akasema jambo alilokuwa amelificha tangu matokeo yatoke. Alisema anataka Nairobi kwa sababu ni mbali. Alisema, kwa maneno yaliyokaribia haya: Mwanangu, ukikaa Eldoret kila mtu atakuita. Ng'ombe akivimba tumbo wataita. Msiba ukitokea Endebess wataita. Nyanya akikohoa usiku, hata mimi nitakuita, na najua nitakuita, kwa sababu nitaogopa.

Hakuna aliyejibu kwa muda. Kila mtu hapo alimjua kijana mmoja wa kata hiyo aliyekuwa akisoma chuo kimoja cha karibu, si udaktari, naye kila Alhamisi alikuwa nyumbani kwa sababu hii au ile. Mazishi, harambee, kesi ya shamba. Alirudia mwaka, kisha akaacha. Hakushindwa na masomo. Alishindwa na kuwa karibu.

Kwenye udaktari jambo hili lina makali zaidi. Kuanzia miaka ya wodini, mwanafunzi ana zamu. Mahudhurio huandikwa. Aliyekosa zamu za wodi ya watoto au ya wajawazito anaweza kuambiwa arudie zamu nzima, na huenda wenzake wakamaliza yeye akiwa bado. Mwaka mmoja wa ziada katika kozi ya miaka sita ni ada ya mwaka mmoja zaidi, kodi ya mwaka mmoja zaidi, na mshahara wa mwaka mmoja uliochelewa. Aliyehesabu nauli tu hajahesabu kitu.

Walikaa siku mbili bila kulizungumzia. Mama alikamua, binti alimgeuza nyanya, kijana alikwenda shule. Siku ya tatu nyanya mwenyewe aliita mkutano, akiwa kitandani. Aliuliza swali moja: Huyu akienda Nairobi, nani atanigeuza? Wakasema, bado hatujajua. Akauliza tena: Na akienda Eldoret, nani atanigeuza Jumatatu hadi Alhamisi? Wakanyamaza. Akasema: Basi mnagombania chuo, na mimi siko chuoni.

Mzee huyo aliona kile ambacho daftari halikuonyesha. Swali la nyanya na swali la shule yalikuwa mawili, yakafungwa kamba moja. Binti awe kilomita 70 au 380, saa nane za usiku hayupo. Kwa hiyo kwanza walitatua la nyanya peke yake, kana kwamba binti hajafaulu popote na ameolewa mbali.

Mtu asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili au karibu hapo, la sivyo ngozi inakufa mahali anapolalia, mgongoni chini, kisiginoni, nyongani, na kidonda cha namna hiyo ni kigumu kupona. Binti alikuwa anajua hili kuliko wote, lakini hakuwa amemfundisha mtu. Alimfundisha mdogo wake. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho alikuja mara mbili, akawaonyesha namna ya kutumia shuka iliyokunjwa ili mtu mmoja aweze kazi ya wawili, na namna ya kuweka mto kati ya magoti. Wahudumu hawa wapo katika vijiji vyetu, na kazi yao haiishii kwenye kuhesabu watoto waliochanjwa. Mwenye mgonjwa wa kitandani amwite. Shangazi wa Kiminini, ambaye alikuwa na maneno mengi kuhusu wajibu wa mtoto wa kike, alikubali binti yake aliyemaliza shule mwaka uliopita aje kukaa, alipwe kidogo kutoka pesa za maziwa, na yeye mwenyewe awe anakuja wiki moja kila mwezi. Hakufurahi. Alikuja.

Baada ya hapo mambo ya shule yalionekana kama yalivyo.

Walirudi kwenye hoja ya mwalimu, ya jina. Hapa vijana wasikilize, kwa sababu jina la chuo huwaweka wengi njia panda. Mwenye shahada ya udaktari wa Nairobi na wa Moi wanasimama mbele ya baraza moja, lile la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Wote wawili wanapitia mwaka wa uanagenzi katika hospitali wanayopangiwa na Wizara ya Afya, na wa Eldoret anaweza kupelekwa Kilifi kama ambavyo wa Nairobi anaweza kuletwa Kitale. Mgonjwa wa saa tisa usiku hamuulizi daktari alisoma wapi, anamuuliza anasikia nini kwenye hiyo stetoskopu. Kinachopaswa kuulizwa kuhusu shule yoyote ni kama imo kwenye orodha ya shule zilizoidhinishwa na KMPDC. Orodha hiyo ni ya wazi. Hilo ni muhimu hasa kwa wale wanaofikiwa na mawakala wenye vipeperushi vya rangi, wakiahidi udaktari wa haraka nchi za mbali kwa pesa ya shamba. Shamba likishauzwa, barua ya KMPDC ya kukataa haina tena wa kuilipia rufaa.

Waliandika pia jambo ambalo familia nyingi hulisahau, kwamba mshahara hauanzi siku ya mahafali. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu kubwa ilikuwa malipo ya wanagenzi: makubaliano ya mwaka 2017 yalitaja kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Nao wahadhiri wa vyuo vya umma wamegoma zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, na mgomo wa wahadhiri husogeza muhula. Kwa hiyo mama aliandika miaka sita, akaifuta, akaandika saba na nusu. Mkopo wa HELB nao huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwa riba ya asilimia 4. Aliyepanga kumalizia nyumba ya mawe kwa mshahara wa kwanza wa mwanawe apunguze mwendo.

Kisha kuna kalenda, na hili linatuhusu sisi wa Trans Nzoia kuliko watu wa kaunti nyingine. Vyuo hufunguliwa kwa mwaka wa kwanza Agosti au Septemba. Mahindi yetu wakati huo bado yako shambani, mabichi au yanaanza kukauka. Mavuno ni Oktoba hadi Desemba, na pesa huja baadaye, tena anayeuza kwa haraka huuza kwa bei ya madalali. Ina maana pesa za muhula wa kwanza haziwezi kutoka kwenye gunia. Na muhula wa pili unaangukia Januari, mwezi ambao watoto wengine nao wanadai karo na wewe unatafuta mbegu na mbolea. Familia hiyo iliamua: Septemba ni ya maziwa, Januari ni ya mahindi. Kuanzia Machi, pesa za maziwa ya jioni ziliingizwa kwenye Sacco na hazikuguswa, hata siku ya mazishi ya jirani, jambo ambalo lilimletea mama maneno.

Kuhusu basari, waliomba zote, ya kaunti kwenye ofisi ya wadi na ya NG-CDF ya eneo bunge. Lakini katika daftari hawakuandika hata shilingi moja ya basari. Mama alisema basari ni mvua ya Januari: ikinyesha ushukuru, lakini usipande kwa kuitegemea. Maafisa wa elimu waliopo hapa wasinune. Fomu zipo, waombaji ni wengi, fungu ni lilelile, na mzazi anayepanga bila basari ndiye mtoto wake hubaki darasani cheki ikichelewa.

Bado hawakuwa wameamua. Hesabu ilielekea Eldoret, woga wa mama ulielekea Nairobi. Binti ndiye aliyependekeza yaandikwe masharti, upande wa nyuma wa daftari lilelile. Kwamba akienda Eldoret atakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, si kila wikendi. Nauli yake kwa miezi tisa ni 5,400, na ile 18,500 inabaki na 13,100 za vitabu na mengineyo. Kwamba mtu mmoja tu ana ruhusa ya kumpigia simu ya kumwita, naye ni mama. Wengine wote, pamoja na shangazi, wapitie kwa mama. Kwamba wiki za mitihani hata mama hapigi, anatuma ujumbe, na habari mbaya inangoja Ijumaa, isipokuwa kifo. Kwamba ng'ombe ana daktari wake. Hili la mwisho liliandikwa na kijana wa kidato cha tatu na likaachwa.

Mama alisoma, akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake: Nikivunja, unikumbushe, sitakasirika. Akatia sahihi. Nyanya akatia dole gumba kwa wino wa kalamu, ingawa anajua kuandika, mkono wake wa kulia ndio uliokataa.

Mjomba wa Umoja alipaswa kuambiwa, na hapo nusura mambo yaharibike. Mtu akikutolea chumba, huwezi kumtumia ujumbe wa simu kwamba umekikataa. Mama alipanda basi, akaenda mwenyewe na kuku na unga wa wimbi, akakaa siku mbili, akamweleza kaka yake hesabu ya nauli. Mjomba alinuna. Alisema wamemwona hana uwezo. Mwezi mzima hakupokea simu. Mwezi wa pili aliuliza stetoskopu nzuri inauzwa wapi, na kama za rangi ya maruni zinaruhusiwa.

Mwalimu naye bado anasema ingekuwa Nairobi. Huenda kwa mwanafunzi mwingine angekuwa sahihi kabisa: kwa mtoto ambaye wazazi wake wanaishi Kangemi au Kibera na anaweza kulala kwao, Nairobi ndiyo karibu, na Eldoret ndiyo yenye kodi. Na kuna mtoto ambaye nyumbani kwake hapakaliki, ambaye kilomita 380 ni dawa. Huyo asiambiwe habari ya maharagwe kwenye matatu. Aende.

Wale ambao tayari wamepangiwa chuo wasichokitaka wajue kwamba KUCCPS hufungua kipindi cha maombi ya uhamisho kutoka chuo hadi chuo, mradi nafasi ipo na alama zinafikia zile za kozi hiyo mwaka huo. Kipindi hicho ni kifupi. Anayengoja kufunguliwa kwa chuo ndipo aanze kuuliza hupata kimefungwa.

Siku ya mwisho ya kuchagua, binti alikwenda saiba moja mjini Kitale pamoja na mdogo wake. Foleni ilikuwa ndefu, umeme ukapotea mara moja, ukarudi. Zamu yake ilipofika mwenye saiba, ambaye ameona watoto wengi siku hiyo, alimwambia aharakishe. Akasoma tena nambari ya kozi kwenye daftari, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu kosa la tarakimu moja linaweza kumpeleka mtu kusomea kitu ambacho hajawahi kukisikia. Akaweka udaktari wa Moi kuwa chaguo la kwanza na wa Nairobi likafuata. Mdogo wake akapiga picha ya skrini kwa simu.

Walifika nyumbani giza limeingia. Nyanya alikuwa amegeuzwa upande wa ukuta na mjukuu wa Kiminini, ambaye bado alikuwa anajifunza na alikuwa amesahau mto wa magotini. Binti aliuweka. Nyanya akauliza kama ni kweli Eldoret kuna baridi kuliko huku. Akaambiwa ndiyo, kidogo. Akasema basi blanketi la kijivu liende, lile la mistari libaki.